Kupanda au Kubaki Chini
(Mazungumzo ya redio)

Masomo: Luka 19:1-10, Warumi 14:1-12

  Nawasalimu hasa ninyi mlio kando ya Mto Tana: Garsen na Minjila, Ngao na Golbanti, Tarasaa na Idsowe, mpaka Kipini ambako mto wetu unaingia baharini. Nanyi mnaosikiliza kutoka mbali, karibuni vilevile. Vuteni viti, tuzungumze.

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, hata la kuchekesha. Ni habari ya yale magurudumu makubwa ya chuma yanayojengwa mahali pa matembezi, ambayo mtu hulipa, akaingia katika kibanda, akazungushwa polepole mpaka juu kabisa, ili aone mji wote chini yake. Mtu amesafiri, amefika, anasimama mbele ya gurudumu hilo na kuinua macho. Wenzake wanamwuliza, "Je, unapanda?" Naye inampasa kujibu.

Utasema, "Mhubiri, hayo yanahusu nini wokovu?" Ngoja kidogo. Yako mambo mengi katika maisha yetu ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza. Si dhambi kuyafanya, wala si dhambi kuyaacha. Na mara nyingi ni katika mambo kama hayo, siyo katika yale makubwa, ndugu wa kanisa moja huumizana mpaka wakaacha kusalimiana. Kwa hiyo jambo hili si dogo.

Kwanza tulifahamu gurudumu lenyewe. Gurudumu kubwa la kwanza la namna hii lilijengwa mjini Chicago, nchini Marekani, mwaka 1893, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia. Aliyelibuni ni mhandisi aliyeitwa George Ferris, ambaye kazi yake ilikuwa kupima chuma cha kujengea madaraja. Kimo chake kilikuwa futi 264, yaani kama meta 80. Fikiri minazi mitatu mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Lilikuwa na vyumba 36, na kila chumba kiliweza kuchukua watu 60. Wako waliosema kwamba upepo utaliangusha. Lakini mwezi wa Juni mwaka ule, lilipojaribiwa, mke wa Ferris, jina lake Margaret, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulipanda.

Baada ya hilo yakajengwa mengine. Vienna wana lao tangu mwaka 1897. London walifungua lao mwaka 2000, lenye meta 135. Kule Dubai, ambako vijana wetu wengi wa Kenya wamekwenda kutafuta kazi, lilifunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka 2021 gurudumu la meta 250, refu kuliko yote. Mwaka uliofuata likasimamishwa, likakaa bila kuzunguka mpaka lilipofunguliwa tena Desemba 2024. Na hapa kwetu, pale Two Rivers, Nairobi, likajengwa lile liitwalo Eye of Kenya, yaani Jicho la Kenya. Kwa hiyo jambo hili si la nchi za mbali tu. Mtu wa Garsen akipanda basi alfajiri, akapita Hola, Garissa, Mwingi na Thika, siku hiyo hiyo anaweza kuwa Nairobi, na kesho yake akawa amesimama mbele ya gurudumu kama hilo na tiketi mkononi.

Angalieni jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi. Kibanda kinaning'inia kwenye ukingo wa gurudumu, na kwa uzito wake hubaki wima hata gurudumu likizunguka. Aliyeketi ndani hana usukani wala breki. Mlango umefungwa kutoka nje. Mwenye kulizungusha na kulisimamisha yuko chini, na pengine hamwoni hata uso. Akishafika juu, hawezi kusema, "Nimebadili nia, nishusheni hapa." Lazima amalize mzunguko. Ndiyo sababu uamuzi wake ni wa kufanywa akiwa bado chini, miguu yake ikiwa juu ya ardhi. Na mambo mengi ya dunia hii yako vivyo hivyo. Ndoa ni hivyo. Mkopo ni hivyo. Safari ya kwenda kufanya kazi Ghuba ni hivyo. Wakati wa kufikiri ni kabla mlango haujafungwa.

Sasa nitawasimulia jambo lililotokea. Mhusika mwenyewe ameniruhusu kulisema, ila nisitaje jina lake wala la kijiji chake.

Akina mama wa usharika mmoja usio mbali na Garsen waliweka fedha kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mmoja aliuza maembe, mwingine ndizi, mwingine mchele wa shamba lake. Wakakodi basi, wakaenda Nairobi kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mkutano ulipokwisha wakapewa nusu siku ya kutembea. Wakapelekwa mahali pa michezo palipokuwa na gurudumu. Wengine wakafurahi sana, wakakimbilia tiketi. Lakini mama mmoja alisimama kando, akasema kwa sauti ya chini, "Ninyi pandeni. Mimi nitabaki hapa niwashikie mikoba."

Wifi yake, dada wa mume wake, ni mwanamke mchangamfu, mpenda watu, na mwimbaji hodari wa kwaya. Akamshika mkono akamwambia mbele ya wote, "Njoo bwana! Wifi yangu, unaogopa nini? Imani yako iko wapi? Kila Jumapili unaimba kwamba Yesu yuko nawe, leo chuma tu kinakushinda?" Wengine wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ndiyo desturi ya watu walio safarini. Mama yule naye akatabasamu, wala hakujibu neno. Akapokea mikoba, akaketi kwenye benchi. Wenzake wakapanda, wakapiga picha za simu, wakashuka wakishangilia.

Na liko jambo la pili. Katika safari hiyo alikuwako mzee mmoja wa kanisa aliyefuatana nao. Naye hakupanda, lakini kwa sababu nyingine. Alipowaona wanashuka na vicheko alisema, "Tumekuja kwa kazi ya Bwana, nanyi mnatapanya fedha kwa anasa za dunia." Basi njiani kurudi, mle ndani ya basi mlikuwa na makundi matatu. Walikuwamo waliopanda na kujiona mashujaa. Alikuwamo asiyepanda na kujiona mtakatifu. Na alikuwamo asiyepanda, aliyeketi kiti cha nyuma akitazama nje ya dirisha.

Jumapili ya Meza ya Bwana ilipofika, mama yule hakukaribia Mezani. Alibaki nyuma, kwenye benchi la mwisho. Jumapili ya Meza iliyofuata, vilevile. Mchungaji akaenda kumtembelea nyumbani. Mwanzoni alisema ni uchovu, ni shamba, ni watoto. Mwisho akasema, "Baba Mchungaji, nimeulizwa mbele ya watu imani yangu iko wapi. Nami tangu siku ile najiuliza. Labda sina. Na kama sina, nitashikaje kikombe?"

Mwaoneni, ndugu zangu! Neno la mzaha, lililosemwa kando ya gurudumu la michezo, limemwondoa mtoto wa Mungu Mezani pa Bwana.

Mchungaji akamwuliza kwa upole jambo ambalo hakuna aliyemwuliza kule Nairobi: "Mama, kwani uliogopa nini?" Ndipo akaeleza. Alikuwa mtoto mdogo wakati wa mafuriko yale ya El Niño, mwisho wa mwaka 1997. Maji ya Tana yaliingia kijijini kwao usiku. Yeye na mdogo wake walipandishwa juu ya mwembe, wakakaa humo usiku ule na mchana wake na usiku wa pili, matawi yakiyumba na maji yakipita chini. Usiku wa pili mdogo wake alisinzia, mkono ukamponyoka. Tangu siku hiyo akiwa mahali pa juu panapoyumba, mkono wake hujifunga wenyewe kana kwamba bado umeshika kitu. Wifi yake hakujua. Mambo hayo yalitokea kwa wazazi wake, miaka mingi kabla hajaolewa, na hakuwa na desturi ya kuyasimulia.

Wapenzi, ninyi mnaoujua mto wetu mnaelewa. Sisi ni watu wa Tana, mto mrefu kuliko yote katika Kenya. Unatulisha na unatutisha. Tumevuka kwa mitumbwi penye mamba na viboko. Wazee wanakumbuka kivuko cha Garsen kilichovutwa kwa mikono, kabla ya daraja. Na hatujasahau Jumapili ile ya tarehe 28 Aprili 2024, wakati wa mafuriko, mashua iliyojaa watu ilipopinduka upande wa Garissa. Watu 23 waliokolewa, lakini wako ambao hawakurudi nyumbani. Je, mtu aliyetoka katika maji kama hayo akisema, "Mimi nitabaki chini," ni nani atakayesimama kumpima imani?

Basi mtu aamueje? Nataka kuwapa maswali matatu. Mtu anaweza kujiuliza maswali hayo mbele ya gurudumu, na mbele ya mambo makubwa zaidi.

Swali la kwanza: Ni sauti ya nani inayonisukuma?

Someni Mathayo sura ya 4. Shetani alimchukua Bwana wetu mpaka juu ya ukingo wa hekalu, akamtaka ajitupe chini. Na angalieni jinsi alivyoanza. Alisema kwamba ikiwa kweli yeye ni Mwana wa Mungu, basi na afanye hivyo. Alitaka Yesu athibitishe kwa kitendo cha hatari jambo ambalo Baba alikwisha kulitangaza pale mtoni Yordani. Yesu alikataa. Alijibu kwa Maandiko kwamba haifai kumjaribu Bwana Mungu. Je, Yesu alikuwa mwoga? Je, alipungukiwa imani? Hasha! Alikataa kwa sababu alikuwa na imani. Mwana anayejua kwamba baba yake anampenda hana haja ya kuruka kutoka juu ya nyumba ili apate hakika.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Kama wewe ni mwanamume kweli," au, "Kama umeokoka kweli, fanya hivi," jihadhari. Maneno ya namna hiyo tuliyasikia kwanza kinywani mwa yule mshawishi. Ukipanda kwa sababu unapenda kuona kazi ya mikono ya Mungu, panda kwa furaha. Lakini ukipanda kwa kuogopa kuchekwa, hujashinda hofu. Umeacha hofu moja ukashika nyingine. Wahenga walisema: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kuchekwa hakuui.

Na ikiwa tunataka kujua ujasiri wa Kikristo ni nini, sisi wa Tana hatuna haja ya kwenda mbali. Pale Golbanti, mwaka 1886, mmishenari John Houghton na mke wake Annie waliuawa na wavamizi. Habari hizo zingeweza kuwafukuza wengine wote. Lakini mwaka uliofuata, 1887, wamishenari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika Ngao na kuanza kazi. Hawakuja ili waonekane mashujaa. Walikuja kwa sababu waliamini wametumwa. Ujasiri ambao Mungu anautaka hupimwa kwa wito na kwa upendo. Mama aliyelala usiku kucha akimwuguza jirani mwenye kipindupindu ni jasiri, hata kama hawezi kupanda ngazi ya kuezekea nyumba.

Swali la pili: Nimehesabu gharama, na nimetazama usalama?

Katika Luka 14, Bwana Yesu anasema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba yampasa kwanza aketi na kuhesabu kama anazo fedha za kuumaliza. Kama mwenye kujenga mnara anapaswa kuhesabu, mwenye kupanda mnara naye ahesabu. Fedha hii ni yangu, au ni ya karo? Ni akiba yangu, au ni ya kikundi? Nikiitoa hapa, kesho watoto watakula? Mzee yule wa kanisa hakukosea kuuliza juu ya fedha. Alikosea kuhukumu kabla ya kuuliza. Kumbe akina mama wale kila mmoja alilipa kutoka mfukoni mwake, fedha ya maembe yake mwenyewe, na sadaka ya mkutano walikuwa wamekwisha kuitoa kwa ukamilifu. Mama aliyeinama shambani miaka yote akitaka mara moja kuona nchi kutoka juu, Mungu wetu si mchoyo kiasi cha kumnyima dakika hizo.

Pamoja na gharama, tazama usalama. Wako wanaodhani kwamba kukagua ni kukosa imani. Someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tazameni jinsi Mungu anavyojali! Katikati ya sheria zake takatifu ameweka sheria ya kuzuia watu wasianguke kutoka juu. Basi usione haya kutazama kama mlango wa kibanda unafunga sawasawa, kama msimamizi yuko macho kazini, kama kuna upepo mkali au mvua ya radi. Usione haya kumwuliza mwenye mashua, "Bwana, mashua hii inachukua watu wangapi, na sasa tuko wangapi?" Na ukiona hapafai, shuka, hata kama umekwisha kulipa. Nauli ni ndogo kuliko uhai.

Swali la tatu: Ninapanda ili nione nini, na je, niko tayari kushuka?

Hapa tumtazame Zakayo, katika Luka 19. Zakayo alikuwa mtu mfupi na umati ulikuwa mkubwa. Alitaka kumwona Yesu. Akapiga mbio mbele, akapanda mkuyu. Sisi tunaujua mkuyu. Umejaa kandokando ya Tana, na watoto wetu huupanda kutafuta kuyu. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tajiri, mtu mzima. Bila shaka wako waliomcheka alipokuwa juu ya tawi. Hakujali. Alikuwa na sababu njema ya kupanda.

Lakini habari ile haikuishia juu ya mti. Yesu alipofika pale aliinua macho, akamwita kwa jina, akamwambia ashuke upesi, kwa maana siku ile alitaka kukaa nyumbani mwake. Naye akashuka upesi, akamkaribisha kwa furaha. Wokovu ulimfikia Zakayo chini, nyumbani mwake, mezani pake, alipoahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Basi kupanda si dhambi. Zakayo alipanda. Musa naye alipanda mlima Nebo, na Bwana akamwonyesha nchi yote. Lakini Shetani pia alimpandisha Yesu mlima mrefu ili amwonyeshe milki za dunia na fahari yake. Urefu ni ule ule. Kinachotofautiana ni mtu anatafuta nini kule juu. Mmoja anapanda, anaona mashamba na mito na nyumba zilizo ndogo kama viberiti, anasema, "Ee Mungu, kumbe watu wako ni wengi hivi, nawe unamjua kila mmoja!" Huyo ameshuka na sala. Mwingine anapanda ili tu picha yake ipelekwe kijijini, walioko nyumbani wajue kwamba wao ni wa chini. Huyo ameshuka na kiburi, na heri asingalipanda.

Na wote, wapenzi, watashuka. Wahenga walisema: Mpanda ngazi hushuka. Gurudumu halimwachi mtu juu. Linamrudisha pale pale alipoingilia, kwenye udongo ule ule, kati ya watu wale wale. Wifi yake atakuwapo. Jirani yake atakuwapo. Kwa hiyo usimkanyage mwenzako wakati wa kupanda, maana utamkuta wakati wa kushuka.

Haya ndiyo maswali matatu. Mtu akiisha kuyajibu mbele za Mungu, aseme ndiyo au aseme hapana, na moyo wake utulie.

Lakini limebaki jambo moja, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Uamuzi wangu nikiisha kuufanya, nifanyeje na uamuzi wa mwenzangu?

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 14, kwa sababu kanisa lao lilikuwa na ugomvi wa chakula na wa siku. Mmoja alikula kila kitu, mwingine alikula mboga tu. Paulo angeweza kusema, "Ninyi nyote kuleni," au, "Ninyi nyote acheni." Hakusema hivyo. Alisema kwamba anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula, kwa kuwa Mungu amempokea. Tazameni hatari hizo mbili zilivyo. Mwenye uhuru anajaribiwa kudharau: "Huyu ni mshamba, huyu ni mwoga, imani yake haba." Mwenye kujizuia anajaribiwa kuhukumu: "Huyu ni wa dunia, huyu hana utakatifu." Ndani ya basi lile walikuwamo wa namna zote mbili. Na kati ya kudharau na kuhukumu, mama mmoja aliumia, wala hakuna aliyemwona.

Nyote mliopanda, nawaambia: furahini, na mshukuruni Mungu. Lakini mmoja wenu angeweza kukaa na yule aliyebaki chini. Mikoba ingejilinda yenyewe kwa dakika chache. Nanyi mnaobaki chini kwa sababu dhamiri zenu zinawazuia, bakini kwa amani, wala msiwaharibie wenzenu furaha. Nanyi mnaobaki chini kwa hofu, sikilizeni vizuri: hofu ya mwili si kukosa imani. Bwana wetu katika bustani ya Gethsemane alihuzunika na kufadhaika, na jasho lake likawa kama matone ya damu. Anakujua. Hakukuita Mezani pake kwa sababu huogopi. Alikuita kwa sababu amekupenda.

Mtapenda kujua mambo ya akina mama wale yalikwishaje. Mchungaji aliomba ruhusa kwa mama yule, kisha akamweleza wifi yake kidogo tu, yaliyotosha. Wifi mtu alilia. Jioni ile ile akaenda mwenyewe, kwa miguu, hakutuma mtoto. Akakuta mwenzake anapeta mchele. Akaketi kando yake, akashika ungo wa pili, wakapeta kwa muda bila kusema. Halafu akasema, "Wifi, nisamehe. Nilisema bila kujua." Yule akajibu, "Hukujua kwa sababu hukuniuliza. Hata siku moja hukuniuliza naogopa nini." Akasema, "Basi leo nakuuliza." Wakakaa mpaka giza likaingia. Jumapili ya Meza iliyofuata walikwenda mbele pamoja.

Wapenzi wasikilizaji, juma hili pengine hakuna hata mmoja wetu atakayesimama mbele ya gurudumu kubwa. Lakini kila mmoja atakutana na mtu anayesitasita. Ni kijana anayeogopa kuondoka nyumbani, au mgonjwa anayeogopa kupasuliwa. Ni mjane anayeogopa kulala peke yake, au mtoto anayeogopa kuvuka mto kwenda shule. Usianze kwa kumwambia, "Imani yako iko wapi?" Anza kwa kumwuliza, "Unaogopa nini?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe unayejua kuketi kwetu na kuondoka kwetu. Tukipanda juu, wewe uko. Tukibaki chini, wewe uko. Utupe hekima ya kuamua kabla mlango haujafungwa. Utuepushe na kiburi cha wapandao na ukali wa wahukumuo. Uwalinde wasafiri wote, barabarani na mtoni, na wote wanaowavusha wengine. Uwaponye waliotoka katika maji mengi na bado mikono yao haijalegea. Na utupe masikio ya kusikiliza. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote. Kwaherini mpaka juma lijalo.